Swichi Iliyogoma Manundu na Vifaranga Mia Mbili

Wiki iliyopita hapa Chanika nimeona jambo lililonichekesha na kunikera kwa pamoja. Fundi mmoja kijana, mwenye sanduku la spana zinazong'aa kuliko sahani za harusi, alikuwa amejipinda kwenye kiti cha dereva, plaizi mkononi, anapambana na ufunguo wa gari uliogoma kuzunguka. Mishipa ya shingo imemsimama, jasho linamtiririka! Nikamwita, "Mwanangu, acha! Acha hapo hapo!" Akanipa shikamoo nzuri tu, kisha akaniambia, "Babu, haya magari ya siku hizi wewe huyawezi." Sijamjibu, tukasikia ka! Nusu ya ufunguo ikabaki kwenye plaizi, nusu ikabaki tunduni, na mwenye gari akashika kichwa.

Basi ndiyo maana nimechukua kalamu. Nyinyi mnaoanza kazi hii, na hata nyinyi ambao hamtashika spana maishani lakini mtamiliki magari inshallah, nisomeni kwa makini. Ufunguo ukigoma kwenye swichi hauna kiburi. Kuna kitu umekibana, au kuna kitu kimeubana wenyewe, na kazi yako ni kukitafuta. Mimi Mbwana nimetengeneza magari zaidi ya miaka thelathini, Korogwe na Handeni, na somo hilo sikufundishwa chuoni. Nililipata kwa siku moja, Manundu, mbele ya umati wa watu, na aibu yake nikiikumbuka masikio yananiwaka moto mpaka leo.

Gereji yetu ilikuwa hapo hapo Manundu. Nasema gereji, lakini ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo sita, shimo moja la kuingilia chini ya magari, na jiliwa la kubania vyuma lililofungwa kwenye gogo. Mwenye gereji alikuwa Mzee Zakayo, Msambaa wa milimani, mrefu, mkimya, Mkristo asiyefungua boneti bila kuinamisha kichwa kidogo. Mimi Mzigua wa Handeni, Mwislamu, nikawa nasema bismillahi yangu upande wa pili. Kila gari lililoingia kwetu lilipata dua mbili, na mengine, wallahi, yalizihitaji zote.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya vijiji vya ujamaa, tulipokuwa tukiitana ndugu na spea zilikuwa za kusikia tu. Mkanda wa feni ukikatika tulisuka mwingine wa katani. Bushi tulizichonga kwenye mpira wa tairi bovu. Gasketi tulikata kwenye karatasi ngumu ya boksi tukaipaka sabuni. Na magari yalitembea! Ukiona gari linapita, ujue kuna fundi mahali fulani hakulala mchana.

Nilipofika mwaka wa nne nilikuwa nimeshajiona bingwa. Kosa langu lilikuwa hili: nilijua landrova na malori, nikadhani nimeyajua magari yote. Kwenye magari niliyoyazoea ufunguo ulikuwa na kazi moja, kuruhusu umeme upite. Ukigoma, unaingiza mkono chini ya dashibodi, unavuta waya mbili, unazigusanisha, cheche, injini inawaka, unaondoka zako unapiga mluzi. Watu wananipigia makofi. Mzee Zakayo alikuwa ananitazama tu. Siku moja akaniambia, "Mbwana, wewe unajua kuvunja mlango. Kuufungua bado." Nikacheka kimoyomoyo. Nilidhani mzee anaona wivu.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi ile Mzee Zakayo alikwenda kumwangalia ndugu yake mgonjwa, akaniachia gereji. Saa tano hivi nikasikia mtu anakuja mbio huku anaita jina langu. Alikuwa Maganga, dereva, Mnyamwezi aliyezaliwa kwenye kambi za mkonge za Korogwe, baba yake alikuja kukata mkonge enzi za manamba. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu mababu, na mtani humkasirikii hata akutukanie ukoo mzima.

"Mzigua! Amka huko, gari limenigomea!"

"Limekugomea kwa sababu linakujua," nikamjibu bila kuinua kichwa. "Nyie mmetoka Tabora kwa miguu na mizigo kichwani. Nani kakudanganya ukashike usukani?"

"Nitakujibu kesho, mtani. Leo twende, tafadhali."

Nikaweka spana chini. Mtani anayesema tafadhali ana shida ya kweli.

Gari lilikuwa kwenye mteremko karibu na soko, gari dogo jipya lenye mgongo mrefu, aina ambayo sikuwa nimewahi kuigusa. Tairi za mbele zilikuwa zimekatwa kona kushoto, moja imeegemezwa kwenye jiwe kubwa. Kando yake, kivulini, palikuwa na maboksi manne yenye matundu, na ndani yake kelele! Ciu ciu ciu, huwezi kusikia unachosema. Vifaranga mia mbili! Na mbele ya maboksi alikuwa amepiga magoti mama mmoja wa makamo, amevua kanga yake ya juu anawapepea, anachovya kidole kwenye bakuli la maji na kuwagusisha midomoni mmoja mmoja. Huyo alikuwa Mama Mwanamvua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi? Mungu akuweke. Tutoe hapa."

Akanieleza haraka haraka, mikono yake haiachi kupepea. Kijijini kwao, kijiji kipya nje kidogo ya Chanika, kina mama walikuwa wameungana kufuga kuku wa pamoja. Banda walilijenga wenyewe, wakakata nguzo wenyewe, wakakandika wenyewe. Mwenyekiti wa kijiji aliwapa ruhusa shingo upande, na mbele ya mkutano akatamka: vifaranga wakifa, banda linageuzwa ghala la pamba, na habari za miradi ya kina mama zisisikike tena. Bwana Mifugo ndiye aliyewaagizia vifaranga na kuwaombea gari la kuazima, siku moja tu. Treni ilichelewa. Wale viumbe walikuwa safarini siku ya pili, hawajala.

"Bwana Mifugo kasema wasipofika kabla jua halijazama, tusiwahesabu," akasema Mama Mwanamvua. "Chakula chao kiko kule. Majiko ya kuwapa joto yako kule. Wenzangu wananisubiri, na yule mwenyekiti naye anasubiri, lakini kingine."

Basi la Handeni lilikuwa limeshaondoka alfajiri. Lori hakuna. Kila kitu kilikuwa juu ya ule ufunguo, na mimi moyo ulinidunda kwa furaha! Ndiyo, furaha, sitawaficha. Nilikuwa kijana, soko zima linanitazama, na nilijiona nimeshaokoa kijiji.

Nikaingia. Nikaujaribu ufunguo: hauendi mbele, haurudi nyuma. Ulikuwa umepinda kidogo shingoni, Maganga alikuwa ameshaupigania kabla ya kuja kwangu. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini umegoma. Mimi nilimwambia Maganga pakia maboksi, nikalala chali chini ya dashibodi, nikavuta waya zangu mbili. Cheche! Injini ikanguruma! Jamani, vigelegele vilivyopigwa soko lile! Nikatoka nikijifuta vumbi, nimetanua kifua, Maganga akaruka kwenye usukani, Mama Mwanamvua akapanda na bakuli lake, gari likang'oka.

Likakata kushoto.

"Nyoosha!" nikapiga kelele.

"Usukani hauzunguki!"

Maana mimi bingwa sikujua kwamba kwenye magari mapya swichi ilikuwa na kazi ya pili. Ukichomoa ufunguo, kipande cha chuma kinachomoza ndani na kuushika usukani ili mwizi asiondoke na gari. Na mimi nilikuwa nimefanya kazi ya mwizi, tena vibaya kuliko mwizi. Gari lilikwenda na kona yake ile ile ya kushoto, likapita juu ya nyanya za mama mmoja wa Kisambaa, matenga mawili mazima, likaingiza tairi ya mbele kwenye mtaro na kukwama hapo. Nikakimbia nikazing'oa waya zangu. Maboksi yalikuwa salama, yalisogea tu. Mama Mwanamvua alishuka na maji yote ya bakuli yamemwagika kifuani mwake, akanitazama mara moja, akarudi kuwapepea vifaranga wake. Heri angenitukana.

Soko likacheka. Mwenye nyanya akaja juu, naye ana haki yake. Maganga, badala ya kunitania, aliinamisha kichwa, na hapo ndipo nilipojua nimeharibu. Saa saba ilikuwa imepita, jua linachoma mabati, na vifaranga walianza kunyamaza. Nakwambieni, kelele za kifaranga zinaudhi, lakini kimya chake kinatisha.

Hapo akatokea Mzee Zakayo. Habari zilikuwa zimemfikia njiani, kama zinavyofika. Akapita katikati ya watu, akamwamkua Mama Mwanamvua, akatazama tairi mtaroni, akatazama nyanya, akanitazama mimi.

"Onga mshi, Mbwana," akanisalimia kwa Kisambaa chake, taratibu, kana kwamba tumekutana njiani tunakwenda shamba.

Nikasema, "Mzee, nimekosea."

"Naona. Tutasema baadaye. Lete jeki."

Sasa vijana, hapa ndipo pa kushika. Kitu cha kwanza Mzee Zakayo hakugusa ufunguo kabisa. Alipiga jeki gari kwa mbele mpaka tairi zote mbili zikaning'inia hewani. Akaniambia, "Shika usukani, utikise kidogo, kulia, kushoto." Nikatikisa. Ulikuwa na mchezo mdogo, upana wa kidole. "Umeona? Kule juu tairi lilikuwa linasukumana na jiwe, hapa na mtaro, na tairi linasukumana na usukani, na usukani unakibana kile chuma cha ndani. Ufunguo utazunguka vipi? Kwanza uondolee mzigo uliobebeshwa." Nusu ya funguo zote nilizoitiwa baada ya siku ile, naapa, sikuhitaji hata spana. Unashika usukani mkono mmoja, ufunguo mkono wa pili, unatikisa huku na huku polepole, na unazungusha bila nguvu. Kwisha. Watu wanakuona mganga.

Lakini ule wetu haukuzunguka. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akauchomoa, akauinua puani, akaunusa!

"Nani anatia mafuta humu?"

Maganga akajitokeza. "Mimi, mzee. Ya nyonyo. Kila Ijumaa tone moja, ulainike."

"Na kishada hiki?"

Kishada! Lazima niwaeleze. Madereva wa Korogwe wakati ule hakuna aliyetembea na ufunguo mtupu. Kila mmoja alikuwa na kishada cha katani, nyuzi za mkonge zilizosukwa na kutiwa rangi, na aliyetoka kambini alijivunia chake kuliko saa ya mkononi. Cha Maganga kilikuwa kizuri kuliko vyote, chekundu na kijani, alikifunga mpaka kwenye shingo ya ufunguo. Na kila alipouingiza, nyuzi mbili tatu ziliingia nao. Nyuzi zikakutana na mafuta ya nyonyo, mafuta yakakutana na vumbi la barabara ya Handeni, na ndani ya swichi vikafanya ugali. Vile vipande vidogo vinavyotakiwa kupanda na kushuka ufunguo ukiingia, vilikuwa vimelala kwenye ule ugali havina habari.

"Mnyamwezi," nikashindwa kujizuia, "gari umelifunga kamba kama mbuzi!"

"Na wewe Mzigua umelipeleka sokoni likale nyanya," akanijibu papo hapo.

Watu wakacheka, na Mama Mwanamvua naye akacheka, kidogo tu, kwa uchovu. Nawaambia, kicheko kile kilinirudishia roho mwilini.

Mzee Zakayo aliomba unyoya wa kuku. Sokoni unyoya haukosekani. Akauchovya kwenye petroli, akaupitisha tunduni, akautoa mweusi tii, akachukua mwingine. Mimi nikapewa spoku ya baiskeli niichonge ncha yenye ndoano, nikawa natoa nyuzi moja moja, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani. Zilitoka nyingi mpaka mtu ukajiuliza ufunguo ulikuwa unaingia wapi. Tulipomaliza, mzee akamtuma Maganga kwa karani wa soko akaazime penseli. Akakwangua unga mweusi wa ile penseli kwa kisu, akaupuliza ndani. Hiyo ndiyo dawa ya swichi, wanangu: unga mkavu. Mafuta yoyote yanayonata hayafai humo, hata yawe mazuri kiasi gani kwa nywele zako. Baadaye niliwahi kumkuta mwalimu mmoja wa Makuyuni ametia samli kwenye swichi ya gari lake, na sisimizi wamehamia na familia zao zote. Nilicheka mpaka akaninunia.

Turudi Manundu. Mzee alichukua ule ufunguo uliopinda, akaupeleka gereji, akaubana kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mti, akakaza robo kwa robo mpaka ukanyooka. Kisha akauinua juani. Akatazama muda mrefu.

"Njoo uone," akaniambia.

Shingoni palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Ufunguo wa akiba ulikuwa Tanga, umefungiwa kabatini na mtu aliyesafiri. Kuikata swichi kwa msumeno kungetuchukua mpaka kesho yake.

"Mzee, utashika?" nikauliza.

"Una mzunguko mmoja. Labda miwili. Mtu akiutumia nguvu hata kidogo, unabaki humo ndani, na vifaranga ndio basi tena."

Tukarudi kwenye gari. Nilirudisha waya zangu mahali pake, safari hii kwa adabu. Tukalitoa gari mtaroni kwa kulisukuma, vijana wanane wa soko walijitolea, akiwemo mtoto wa yule mwenye nyanya. Tukapiga jeki tena. Saa tisa. Nikanyoosha mkono kuchukua ufunguo, na Mzee Zakayo hakunipa.

"Nyoosha vidole."

Nikanyoosha. Vilikuwa vinatetemeka, tena vinene, vimejaa sugu. Akainua vya kwake: uzee ulikuwa umeshaviingia, haviko sawa. Akamtazama Maganga, Maganga akarudi nyuma hatua mbili. Kisha mzee akamgeukia Mama Mwanamvua.

"Mama, nyumbani unasuka?"

"Nasuka mikeka, baba. Tangu nina miaka saba."

"Mwaa ukitaka kukatika unajuaje?"

Mama Mwanamvua akafikiri. "Mkono unajua kabla yangu."

"Basi kaa hapa."

Lo! Watu waliguna. Mwanamke aliyekuwa hajawahi kukaa kiti cha dereva hata siku moja! Mwanamume mmoja pembeni akasema kwa sauti, "Mzee, utamkabidhi mama ufunguo wa gari la watu?" Mzee Zakayo akafungua mlango wa dereva. Mama Mwanamvua akajifuta mikono kwenye kanga, akaketi, akaushika ufunguo kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada. Mzee akamwambia asiuzungushe, auulize tu. Mimi nikaambiwa nitikise usukani kwa nje ya dirisha, kulia, kushoto, taratibu.

Nikatikisa. Akauliza. Haukwenda.

"Ufunguo umenigusa," akasema, macho ameyafumba. "Kuna mahali ulilegea. Rudia, mwanangu, polepole zaidi."

Nikarudia. Jasho linanidondoka kwenye mikono. Kulia, kushoto, kulia, na nilipofika katikati akasema "hapo," nikaganda kama nguzo. Nikaona vidole vyake vinakwenda. Havikukaza, vilikwenda tu. Tik. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi! Akaendelea, taratibu vile vile, mpaka injini ikashika, na usukani ukawa huru mikononi mwangu!

Sijui nielezeje! Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Maganga alinikumbatia tukazunguka kama watoto. Yule mama wa nyanya, ambaye saa mbili nzima alikuwa ameninunia, alipiga kigelegele kirefu kuliko wote. Mama Mwanamvua alibaki ameketi, vidole vyake viwili bado hewani, anavitazama. Mzee Zakayo alivua kofia, akainamisha kichwa kidogo, akaivaa tena.

"Mbwana, nenda nao," akaniambia. "Njia nzima injini isizimwe, na ufunguo mtu asiuguse. Mkirudi tutauchonga mpya."

Kishada kilibaki kwa Mzee Zakayo. Maganga alitaka kulalamika, nikamwonyesha nyanya zilizolala barabarani, tukawa sawa.

Barabara ya Handeni ya wakati ule mnaisikia tu kwa wazee wenu. Vumbi lilikuwa la kufika magotini, na makorongo ya kuomba dua. Nilikaa nyuma na maboksi mawili mapajani, natumia miguu yangu kama springi. Mama Mwanamvua aliwagusisha maji njia nzima, anahesabu kwa sauti ya chini wale wasioinua shingo. Alifika tisa, kumi. Kila alipotaja namba Maganga alikanyaga mafuta zaidi, na kila alipokanyaga mimi niliuangalia ule ufunguo unavyotetemeka kwenye swichi. Tulipopanda mlima wa mwisho jua lilikuwa limeshuka mbele yetu, rangi ya chungwa bivu. Sikuwahi kulichukia jua kama siku ile.

Tuliingia kijijini bado linaonekana. Kina mama walikuwa wamesimama barabarani toka saa sita mchana, na walipotuona walikimbia kando ya gari mpaka bandani, wanalia na kucheka. Majiko yalikuwa yanawaka, pumba zimetandazwa, maji kwenye vigae. Tukafungua maboksi. Kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Wale wengine waliwekwa chini, wakasimama kidogo hawajui waende wapi, kisha mmoja akaona maji, akachovya mdomo, akainua shingo juu kumeza. Mara wote mia na themanini na nane wakamfuata, na kelele zikarudi! Ciu ciu ciu! Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kitamu namna ile.

Mwenyekiti wa kijiji alifika hapo, na wanaume kama kumi nyuma yake. Alikuwa mtu mzito, mwenye viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi, viatu pekee vya namna hiyo kijiji kizima. Alikuwa amekuja kuhesabu maiti, nadhani, maana alishika karatasi. Akasikia zile kelele, akasimama. Kisha akatembea moja kwa moja kuelekea mlangoni pa banda, kama mtu anavyoingia kwake.

Mama Mwanamvua alikuwa mlangoni. Hakusogea.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "viatu."

"Viatu vina nini?"

"Bwana Mifugo kasema vinaleta ugonjwa. Humu haingii mtu na viatu."

"Hata mimi?"

"Hata Bwana Mifugo mwenyewe."

Gari letu tu ndilo lililokuwa linanguruma nyuma yetu, na vifaranga ndani. Mwenyekiti alimtazama Mama Mwanamvua, aliyejaa vumbi mpaka kwenye kope, kanga yake ina madoa ya nyanya. Akawatazama kina mama waliosimama nyuma yake, mikono imejaa vikapu vya chakula cha kuku. Kisha akainama. Akafungua kamba za kiatu cha kulia, akafungua za kushoto, akaviweka vyote viwili kando ya mlango, akakunja suruali isiguse pumba. Akaingia pekupeku, amenyanyua mguu mmoja juu ya vile viumbe vya manjano, na kwa sauti ndogo akamuuliza Mama Mwanamvua akanyage wapi.